Usimamizi kwa Daftari na Kalamu: Mwongozo Kutoka Jiko la Hoteli Ndogo

Asubuhi moja funguo za stoo zilikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba wangu ulikuwa mapajani mwangu ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, Nairobi. Wafanyakazi wangu wanne walikuwa wamekaa kwenye mawe nje ya hoteli, kule Industrial Area, wakinitumia ujumbe wa pole. Unga ulikuwa ndani. Maharagwe yalikuwa ndani. Hata kiberiti kilikuwa ndani. Siku hiyo maharagwe yaliiva saa nane, na wateja wangu wa viwandani hutoka kula saa saba kasorobo, wakiwa na nusu saa tu. Mtu wa namna hiyo hakungoji. Anavuka barabara, na kesho yake huenda akavuka tena.

La kuchekesha ni kwamba nina stashahada ya biashara. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia kazi za msingi za meneja bila kukwama: kupanga, kugawa kazi, kuongoza, kudhibiti. Nilizipita kwenye mtihani, nikaziacha hukohuko darasani. Huu ni mwongozo wa jinsi nilivyozifikisha jikoni. Utamfaa mwenye hoteli, duka, saluni au karakana, na mwajiriwa pia ana sehemu yake. Unachohitaji ni daftari, kalamu na kama wiki tatu.

Kabla ya hatua ya kwanza, nikupe kisa cha farasi. Orodha hiyo tuliyokaririshwa inatokana na Henri Fayol, mhandisi wa migodi kutoka Ufaransa. Mwaka 1916 alitaja kazi tano: kupanga, kuweka mpangilio, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Waliomfuata wakazikunjakunja zikawa nne. Lakini mzizi wa mawazo yake ni wa mwaka 1861, alipokuwa kijana wa miaka 19 kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry. Farasi mmoja alivunjika mguu chini ya ardhi. Fayol akaandika hati ya kuomba mwingine, mtunza zizi akakataa kuipokea kwa sababu haina sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hayupo, na hakuna aliyeachiwa nafasi yake. Farasi wako zizini, wazima kabisa, na kazi ya upande ule wa mgodi ikalala.

Niliposoma kisa hicho nilizikumbuka funguo zangu. Tangu siku hiyo kila ninachofanya kama meneja nakipima kwa swali moja: nisipokuwepo, ni nini kitakachosimama?

Hatua ya 1: Andika maswali unayoulizwa

Usianze na mpango. Kwa siku tatu beba daftari na uandike kila swali unaloulizwa na watu wako, na saa uliyoulizwa. Usijibu tofauti na kawaida, wala usijifanye meneja mpya. Andika tu.

Mimi siku ya kwanza niliandika maswali 31. "Auntie, tununue mafuta?" "Auntie, yule wa kiwanda cha rangi anataka kukopa, nimpe?" "Auntie, gesi inakaribia kuisha?" (Hili la mwisho mimi ningelijuaje nikiwa kwenye kaunta?) Jioni nikayapitia na kugundua kwamba 19 kati ya hayo yalikuwa maswali matano yanayojirudia. Kila swali linalojirudia ni uamuzi uliopaswa kufanywa mara moja ukaandikwa mahali, lakini umebaki kichwani mwako, na watu wanapanga foleni kuuchota. Nilikuwa najiona muhimu kwa sababu naulizwa sana.

Hatua ya 2: Panga ukirudi nyuma

Chukua saa ambayo kazi lazima iwe tayari, kisha rudi nyuma kidogokidogo. Kwangu ni saa saba kasorobo mchana. Ili chapati zitoshe saa hiyo, kukanda kunaanza saa mbili. Ili maharagwe yawe laini, sufuria inaingia motoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ili hilo liwezekane maharagwe yawe yamelowekwa usiku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Jumanne inafanyika Jumatatu jioni, na ina mwenyewe. Mboga zinatoka Marikiti alfajiri, bei ikiwa bado ya kuongeleka. Nafaka nanunua Nyamakima mara moja kwa wiki, si kila siku.

Kisha tia kalenda kwenye mpango. Mshahara ukishaingia viwandani wateja wanaagiza nyama, na kuanzia tarehe 20 hivi ndengu na chapati ndizo zinazotembea. Januari, baada ya karo, hata chai inagawanywa watu wawili. Mvua za Machi hadi Mei, barabara ikigeuka tope, watu hawatoki kiwandani, kwa hiyo chakula kinafungwa na kupelekwa getini. Haya yote nilikuwa nayajua. Lakini nilikuwa napika kiasi kilekile tarehe 2 na tarehe 24, halafu jioni nalaumu uchumi.

Mwisho wa mpango ni ukurasa wa "ikiwa". Ikiwa gesi itakatika katikati ya kazi, mtungi wa pili umejaa na uko nyuma ya mlango. Ikiwa maji ya mfereji hayaji siku ya zamu yetu, tangi lisishuke chini ya nusu kabla ya kumwita mwenye mkokoteni. Sita au saba zinatosha. Ukiandika ishirini hakuna atakayezisoma.

Hatua ya 3: Kila kazi iwe na mwenyewe mmoja

Bandika karatasi ukutani, mahali mikono yenye unga itaifikia, yenye safu tatu: kazi, mwenyewe, na asipokuwepo ni nani. Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ndiyo iliyomwangusha farasi wa Commentry mara ya pili.

Andika jina la mtu, usiandike "sote". Kazi ya "sote" kwangu ilikuwa kufuta meza, na meza zilikuwa zinanata.

Pamoja na kazi toa mamlaka, na mamlaka jikoni maana yake ni pesa. Mpishi wangu mkuu anaweza kutumia hadi shilingi 1,500 kwa siku bila kuniuliza, mradi alete risiti au aandike daftarini alinunua nini na kwa nani. Mwezi wa kwanza nilikuwa natetemeka. Alitumia 300, 450, siku nyingine hakutumia kitu. Mtu mzima ukimpa mipaka inayoeleweka kwa kawaida huibana zaidi ya wewe mwenyewe. Deni nalo nililiwekea kanuni: anakopeshwa mteja tuliyemzoea tu, mwisho shilingi 500, na jina linaandikwa kabla sahani haijatoka. Maswali ya mkopo yakaisha siku hiyohiyo.

Jambo moja zaidi, nalo ni la nyumbani kwangu. Mume wangu akija Jumamosi kusaidia, alikuwa akiwaambia vijana wapunguze mafuta. Jumatatu mimi nawaambia waongeze. Wakajifunza kuwa na chapati za Jumamosi na chapati za katikati ya wiki. Fayol alisisitiza kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa bosi mmoja, na wazee wetu walishasema fahali wawili hawakai zizi moja. Sasa mume wangu akiwa na neno ananiambia mimi. Hilo lilichukua mazungumzo marefu kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu.

Hatua ya 4: Watu, kwa ufupi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya mwaka. Ni karatasi mbili, andika. Wanaogusa chakula wawe na cheti cha afya ambacho muda wake haujaisha; maafisa wa kaunti wakija ndicho wanachoanza nacho. Na ukimchukua mtu mpya, mwache akae na mwenye kazi siku tatu kabla ya kumwachia. Mimi nilikuwa natoa dakika kumi.

Hatua ya 5: Ongoza ukiwa umesimama

Saa nne na nusu asubuhi, kabla ya joto la kazi, tunasimama karibu na jiko kwa dakika tano. Hakuna viti, maana viti huzaa hotuba. Nasema mambo matatu: leo tunatarajia watu wangapi, kipi kimebadilika, na jana nani alifanya kitu kizuri. Kisha nanyamaza, nao wanasema. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Wiki ya kwanza hawakusema kitu, waliangalia sufuria. Wiki ya pili dada anayehudumia mezani akasema vikombe havitoshi baada ya saa saba, na mwenye kuosha anaoshea upande ambao yeye hapiti. Tulisogeza beseni mita mbili. Miaka miwili nilikuwa nadhani tunahitaji kununua vikombe.

Kurekebisha mtu hufanyika pembeni, tena kwa kuuliza kwanza. Huyo dada wa mezani alikuwa anachelewa, dakika ishirini, dakika thelathini, karibu kila siku. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Nikamwita nyuma penye magunia.

"Dada, naona asubuhi zinakusumbua. Kuna nini?"

"Auntie, mtoto ameanza shule Kayole. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Nikishamwacha ndipo natafuta gari."

Kazi yake halisi inaanza saa tano, wateja wa kwanza wakija. Asubuhi alikuwa anachambua mboga, kazi ambayo mtu mwingine aliyekaa karibu angeweza kuifanya. Tukabadilishana: anaingia saa mbili na nusu, na jioni anabaki kufunga hesabu. Hajachelewa tena isipokuwa siku za maandamano, na siku hizo hata mimi nachelewa.

Si kila kuchelewa kuna mtoto nyuma yake, najua. Kijana mmoja niliuliza, nikasikiliza, nikabadilisha zamu, na bado akaendelea. Tuliachana. Hata hapo sheria inataka umweleze sababu na umsikilize kabla ya kumwachisha kwa kosa, akiwa na mwenzake wa kumshuhudia. Nilifanya hivyo, na tukasalimiana vizuri tulipokutana Muthurwa mwezi uliopita.

Hatua ya 6: Dhibiti vitu kabla ya kudhibiti watu

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tukisikia kudhibiti tunafikiria kamera, kupekua mifuko, na kumweka binamu kwenye kaunta. Hesabu vitu kwanza.

Kudhibiti kuna sehemu nne: weka kipimo, pima kilichotokea, linganisha, kisha rekebisha chanzo. Nikuonyeshe kwa chapati.

Kipimo changu kilikuwa hiki: pakiti moja ya unga ya kilo mbili inatoa chapati 22. Siku ya kawaida tunatumia pakiti nane, kwa hiyo chapati 176. Nilipoanza kuandika, jioni ya Jumanne moja nikapata hivi: zilizouzwa 150, zilizobaki 9, zilizoliwa na sisi wenyewe 5. Jumla 164. Zimepotea 12. Kwa shilingi 20 kila moja ni shilingi 240, na kwa siku 26 za kazi ni 6,240. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kodi yangu ya mwezi.

Nilijua nani kala. Au nilidhani najua. Kulikuwa na kijana wa chapati ambaye rafiki zake hupita jioni wakielekea Mukuru, na nilikuwa nimewaona wakicheka dirishani. Nilitaka kumwita palepale. Kilichoniokoa ni kwamba daftari lilikuwa la siku nne tu, nikaamua lifike wiki mbili.

Wiki mbili zilipoisha, upungufu ulikuwa Jumanne na Alhamisi peke yake. Siku nyingine hesabu ilikaa, ikakosea moja au mbili. Kijana wa chapati alikuwepo kila siku. Ni nini basi cha Jumanne na Alhamisi? Siku hizo mpishi mkuu huenda sokoni, na kukata madonge hufanywa na mama anayepika ugali. Alhamisi iliyofuata nikasimama nyuma yake na mizani. Madonge ya mpishi mkuu yalikuwa na gramu 145 hivi. Ya mama yalikuwa 155, 160. Mkono wake ni mkarimu, hivyo tu. Pakiti moja ilikuwa inamtolea 20 au 21 badala ya 22. Chapati 12 hazikuibwa, hazikuwahi kuzaliwa.

Nilienda Kamukunji, fundi mmoja akanitengenezea kikombe cha bati cha kupimia donge, kwa bei ya sahani moja ya nyama. Upungufu ukaisha. Yule kijana hadi leo hajui kwamba aliwahi kuwa mshukiwa, na nikimwona akicheka dirishani bado najisikia vibaya kidogo.

Chagua vitu vitatu tu vya kuhesabu. Mimi: chapati, mitungi ya gesi (tarehe ya kuwashwa na ya kuisha, kwa chokaa kwenye mtungi wenyewe), na pesa. Kwenye pesa, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 kazi hii imekuwa rahisi upande mmoja na ngumu upande mwingine. Rahisi kwa sababu kila shilingi ya tili, yaani namba ya hoteli ya kupokelea malipo ya simu, inaacha alama. Ngumu kwa sababu mteja anaweza kukunyooshea simu yake yenye ujumbe ambao haujatoka popote. Kanuni yetu: ujumbe kwenye simu ya mteja si pesa. Pesa ni ile iliyolia kwenye simu ya hoteli, na simu hiyo iko kwenye kaunta, si mfukoni mwangu. Jioni dada wa mezani analinganisha jumla ya tili na noti za mkononi dhidi ya sahani zilizotoka, anaandika tofauti hata kama ni shilingi kumi, na anatia sahihi. Siku ya kwanza aliyopata tofauti ya shilingi 80 alitaka kuilipa mwenyewe. Nilikataa. Mtu akilipa kuficha tofauti, daftari linaanza kudanganya.

Ikiwa umeajiriwa

Huhitaji cheo. Kaka yangu mdogo aliuza vipuri kwenye duka la mtu Kirinyaga Road, na hakuruhusiwa kuamua chochote. Alianza kuandika vipuri ambavyo wateja waliulizia vikakosekana. Basi. Mwisho wa mwezi akampelekea tajiri wake ukurasa mmoja: aina fulani ya bushi za gari la Probox zimeulizwa mara 14, hatuna. Huko ni kupanga na kudhibiti kwa pamoja, na hakuomba ruhusa ya mtu. Tajiri hakumshukuru, wenye maduka huwa hivyo, lakini wiki iliyofuata bushi zilikuwepo.

Ukiwa chini ya mtu, usimpelekee tatizo tupu. Mpelekee tatizo na njia mbili, pamoja na gharama za kila moja. "Mzee, printa imekufa. Fundi anataka 2,000 na siku mbili, au tuchapishe kwa jirani kwa shilingi 10 kila ukurasa mpaka Ijumaa." Yeye atachagua, lakini wewe ndiye uliyepanga. Na ukienda kwenye usaili wakakuuliza uzoefu wako wa usimamizi, usiwatajie orodha ya darasani. Waeleze bushi.

Hatua ya 7: Kosekana siku moja kwa makusudi

Baada ya wiki tatu, chagua siku ya katikati ya wiki, isiwe mwisho wa mwezi, na usiende kazini. Waambie mapema. Funguo zina mwenyewe na mwenye kumshikilia nafasi. Simu yako iache ilie kwa jambo la moto au damu tu.

Mimi nilikaa nyumbani Donholm, nikafua nguo zisizohitaji kufuliwa. Simu haikulia. Saa tano sikuvumilia, nikaichungulia kuona kama ina chaji. Saa kumi nikafika hotelini. Zilibaki chapati tatu. Gesi ilikatika saa sita, wakabadilisha mtungi, tarehe imeandikwa kwa chokaa. Mpishi alikuwa ametumia shilingi 900 kati ya 1,500, risiti imechomekwa kwenye msumari. Tili na noti zilipishana kwa shilingi 20.

"Na kulikuwa na shida gani?" nikauliza.

Wakatazamana. "Chumvi, Auntie. Iliisha saa tatu. Tukaomba kwa jirani."

Nikaenda kwenye karatasi ya ukutani, nikaipitia mara mbili toka juu hadi chini. Unga, mafuta, maharagwe, gesi, vikombe, funguo. Chumvi haikuwa na mwenyewe. Kumbe siku zote nilikuwa nikiinunua mimi, njiani, bila kufikiri. Nikaomba kalamu.